Majani Yakipukutika Mpapura



Katika vitabu vya jiografia tulivyosomeshwa shuleni mna majira manne ya Wazungu, na moja katika hayo ni lile ambalo miti yao hugeuka rangi, ikawa ya manjano na nyekundu, kisha ikapukutisha majani yote ikabaki mifupa. Wafasiri wetu walipotafuta jina la majira hayo, baadhi yao waliyaita vuli. Jina hilo limewatatiza wanafunzi wengi. Vuli ya pwani yetu ni mvua za mwisho wa mwaka, nazo ni wakati wa mti kuvaa, si wakati wa mti kuvua. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa akiambiwa kwamba wakati wa vuli majani huanguka, hutazama nje akaona kinyume chake, asijue amsadiki nani, mwalimu wake au mti ulio mbele ya macho yake.

Lakini usidhani kwamba sisi hatuna majira ya majani kupukutika. Tunayo, ila hayaji kwa sababu zile zile wala katika miezi ile ile. Na katika mkoa wa Mtwara, ambako riziki ya nyumba nyingi hutegemea mkorosho, wakati wa kuanguka kwa majani si jambo la kutazamwa kwa kupitisha macho tu. Humo mna fedha, mna madeni, na mna ugomvi baina ya ndugu. Ndiyo maana nimependa leo tulizungumze jambo hili kwa urefu kidogo, tukianzia kijiji cha Mpapura, huko Mtwara Vijijini.

Kusini kule mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, zikaendelea hadi Aprili, pengine zikagusa Mei, na jumla yake pwani ni yapata milimita 1,000 kwa mwaka. Kisha hukatika. Upepo wa kusi hushika, kipupwe kikaingia na baridi yake ya asubuhi mwezi wa Juni na Julai, na baada yake jua kali hadi mvua nyingine. Hapo ndipo miti huanza kupukutika, kila mmoja kwa tabia yake. Mbuyu huvua majani yote ukasimama uchi miezi mingi bila ya kuona haya. Msufi nao hupukutika, ukatoa maua na sufi matawi yakiwa matupu. Mkungu, ule wa ufukweni ambao watoto hugonga kokwa zake kwa mawe, ndio peke yake unaofanana na miti ya Ulaya, kwani majani yake makubwa huwa mekundu kabisa kabla ya kuanguka. Mnazi hauna habari na yote hayo. Huangusha kuti moja moja mwaka mzima.

Mkorosho uko katikati. Haubaki uchi. Mvua ikishakatika, majani yake makuukuu hugeuka manjano na hudhurungi, yakaanguka na kutandika chini, na wakati huo huo ncha za matawi hutoa majani mapya, laini, yenye wekundu. Ncha hizo za majani mapya ndizo zitakazobeba maua, kuanzia Julai hivi hadi Septemba, na maua ndiyo yatakayokuwa korosho za kuokotwa kuanzia Oktoba. Basi utaona kwamba jani kuukuu linaloanguka Mei ni mwanzo wa mnyororo ambao mwisho wake ni ada ya shule mwezi wa Januari.

Ni nini hasa kinachouambia mti kwamba wakati umefika?

Jani ndipo mti unapotolea jasho. Juu yake mna vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, na kwa vitundu hivyo maji yaliyonyonywa na mizizi hutoka yakawa mvuke. Mvua ikiwapo hasara hii si kitu. Mvua ikikatika, udongo ukakauka na upepo ukavuma mchana kutwa, jani lililochakaa huwa gharama bila ya faida. Hapo mti hutenda kama mtu anayehama nyumba mbovu. Kwanza hutoa vyombo: virutubisho vya thamani vilivyomo ndani ya jani, hasa nitrojeni na fosforasi, huvutwa vikarudishwa katika tawi. Rangi ya kijani huvunjika, na manjano iliyokuwa imefunikwa ikaonekana. Mwisho, mahali kikonyo kinaposhikana na tawi hufanyika tabaka laini la kuachanisha, na nyuma yake ngozi ya kuziba kidonda. Baada ya hapo upepo mdogo tu watosha.

Kazi hii ni moja duniani kote, lakini kengele inayoianzisha si moja. Ulaya kengele kubwa ni mchana kufupika pamoja na baridi kuingia. Mjini London mchana wa Juni huzidi ule wa Desemba kwa zaidi ya saa 8. Mtwara, iliyo karibu na nyuzi 10 kusini ya Ikweta, tofauti baina ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote ni saa moja na dakika chache tu. Kwetu maji ndiyo yenye sauti kubwa. Hata Wazungu na Wajapani, ambao mchana wao haubadiliki mwaka hata mwaka, huona hali ya hewa ikiisogeza tarehe: joto likikawia kuondoka majani nayo hukawia, na ukame mkali huyaangusha mapema. Idara ya hali ya hewa ya Japani imekuwa ikiandika tarehe hizi kwa utaratibu mmoja tangu mwaka 1953, na katika muda huo kugeuka rangi kwa majani ya miti yao kumesogea mbele kwa zaidi ya wiki mbili. Ikiwa hivyo kwa wenye kengele ya mchana, itakuwaje kwetu ambao kengele yetu ni mvua, na mvua haina ahadi na mtu? Mwaka huu hukatika mapema Aprili, mwaka ujao yanyesha hadi katikati ya Mei. Hata ndani ya kijiji kimoja, mkorosho ulio juu kwenye kichanga kinachokauka upesi hauendi sawa na ndugu yake aliye bondeni kwenye unyevu.

Msomaji Mwislamu anajua kwamba Suratul An'am, katika aya ya 59, inalitaja jani linaloanguka, kwamba nalo halipiti nje ya ujuzi wa Mwenyezi Mungu. Sisi waja ujuzi huo hatunao, na kwa hiyo wazee wetu walitafuta alama.

Kalenda yetu ya dini haikuwafaa kwa kazi hii, wala haikuwekwa kwa ajili yake. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na kila mwezi wa Kiislamu huzunguka majira yote katika muda wa miaka kama 33. Ramadhani ya mwaka 1405 ilianza Mei 1985, na ile ya 1439 ikaanza Mei 2018. Mtu wa Mpapura aliyefunga akiwa kijana majani ya mkorosho yakipukutika juu ya jamvi lake, alingoja mpaka akawa na wajukuu ndipo akaifunga tena Ramadhani ya namna ile.

Kwa ajili ya kilimo na safari za baharini watu wa pwani walishika mwaka mwingine, mwaka wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi. Huo una siku 365 kamili, nazo zilihesabiwa kumi kumi, kila kumi ikaitwa mwongo. Nahodha mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 15, Ahmad ibn Majid, aliandika nyakati za kusafiri kwa hesabu hiyo hiyo ya Nairuzi, na huko Makunduchi, Unguja, siku ya mwaka mpya huo yaadhimishwa hadi leo, mwezi wa Julai. Hesabu nzuri, lakini ina tundu. Haina siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, kwa hivyo hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne, na katika miaka mia hurudi siku 25. Mjukuu aliyeshika mwongo wa babu yake bila ya kutazama shamba alikuwa akitangulia majira.

Alama ya tatu ni nyota. Kundi lile la nyota ndogo sita au saba, ambalo Waarabu huliita Thurayya, sisi twaliita Kilimia, na jina lenyewe latokana na kulima. Huzama magharibi jioni mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, likapotea katika mwanga wa jua, kisha likatokea upya mashariki alfajiri mwezi wa Juni. Wazee walikuwa wakisema kwamba likizama kukiwa jua litazuka na mvua, na likizama kukiwa mvua litazuka na jua. Tazama jinsi muda ule wa kupotea kwake unavyoangukia pale pale mkorosho wa Mtwara unapopukutika. Nyota haikosei tarehe. Lakini nyota hainyeshi mvua, na mti haujui nyota. Neno hili liweke akilini, tutalirudia.

Mkorosho wenyewe ni mgeni. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16 wakauleta India na pwani ya Afrika ya Mashariki, na Kenya wako wanaouita mkanju, jina linalokumbusha lile la Kireno, caju. Kwa miaka mingi ulikuwa mti wa kivuli na mabibo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo watu wa kusini walipoupanda kwa wingi kwa ajili ya biashara, na korosho ghafi zikasafirishwa India kubanguliwa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi, ikawa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Katika msimu wa 1986/87 zilipatikana tani zisizofika 20,000. Miaka 13 tu, ndugu msomaji.

Maneno mengi yamesemwa juu ya anguko hilo, na mengi yana ukweli. Watu walihamishiwa vijiji vya pamoja miaka ya 1970, mashamba yakabaki mbali, magugu yakaingia. Bei aliyolipwa mkulima ilishuka, mtu akaona kupalilia ni kujichosha bure. Lakini lilikuwapo jambo jingine lililofichika katika majani yenyewe. Mwaka 1979 ulitambuliwa nchini ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga. Ni ukungu mweupe kama unga uliopakwa, nao haupendi jani kuukuu; wataka jani changa na ua. Tena hauhitaji mvua. Baridi ya kipupwe na umande wa asubuhi vyautosha, na hizo ndizo siku zile zile ambazo mkorosho, baada ya kuangusha majani makuukuu, umetoa yale mapya mekundu.

Basi watu waliona majani yakianguka na hawakushtuka, kwa sababu majani huanguka kila mwaka. Tofauti ilikuwa kwamba jani lililotimiza umri wake huanguka likiwa limekauka na limekwisha kurudisha amana yake, na jani lililougua huanguka changa, limejikunja, na unga mweupe juu yake. Mwenye kutazama kwa mbali huona takataka tu chini ya mti. Na pale walipoona, wako waliosema jirani kafanya jambo. Nyumba ngapi zilitiana shaka miaka ile kwa kosa la ukungu!

Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, ndio walioshughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Walionyesha kwamba vumbi la salfa likipulizwa kwa wakati wake huzuia ugonjwa, na kwamba machipukizi yanayoota ndani ya kivuli cha mti, ambamo ukungu hujificha, yafaa kuondolewa kabla ya majani mapya kutoka. Nguvu yote ya mafundisho haya iko katika neno “kwa wakati”. Ukipuliza kwa kufuata tarehe ya mwaka jana, na mwaka huu mvua imekawia kukatika na mti bado haujatoa majani mapya, umepuliza salfa hewani. Ukichelewa, maua yamekwisha kuwa meusi. Na shamba lililoachwa na warithi waliohamia Dar es Salaam, lisilopaliliwa wala kupulizwa, huwa ghala la ukungu wa kijiji kizima. Haki ya jirani twaihubiri sana katika habari za chakula na kelele; katika mikorosho ya urithi twaisahau.

Upepo nao una kupukutisha kwake, lakini huo hauna msimu wa kuhesabika. Tufani iliyoipiga Unguja mwezi wa Aprili 1872 ilivunja sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Nyingine iliipiga pwani ya Lindi Aprili 1952. Na mwezi huo huo wa Aprili mwaka 2019 watu wa Mtwara walitahadharishwa, tufani Kenneth ikapita ng'ambo ya Ruvuma ikaiangukia Cabo Delgado.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwezi wa Julai mkulima wa korosho hana kitu. Fedha za msimu uliopita zimekwisha, salfa yatakiwa, mtoto anaumwa. Akija mtu na kumwambia, “Niuzie mikorosho yako hii ikiwa bado ua,” ni vigumu kukataa. Namjua mtu mmoja wa Mpapura aliyeuza hivyo mikorosho 40, naye aliyenunua ni shemeji yake. Mwaka ule mvua ilikawia kukatika, majani mapya yakatoka nyuma ya wakati, salfa ilikuwa imekwisha kupulizwa, na ukungu ukala maua. Oktoba mnunuzi alikwenda na magunia akarudi nayo matupu.

Akasema, “Shemeji, mimi nilinunua korosho, sikununua majani.”

Mwenziwe akamjibu, “Shemeji, nilikuuzia nilichokuwa nacho, na ulikiona kwa macho yako.”

Maneno yalikuwa mengi kuliko hayo, na mengine hayafai kuandikwa. Mwanamke aliye dada wa mmoja na mke wa mwingine alikaa miezi bila ya kujua aingie nyumba ipi.

Ugomvi huu una umri wa miaka zaidi ya 1,400. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwa Zayd bin Thabit kwamba watu wa Madina walikuwa wakiuza matunda kabla hayajakomaa, na wakati wa kuvuna ukifika mnunuzi hudai kwamba tunda lilipatwa na maradhi, akayataja maradhi ya mitende kwa majina yake. Kesi zilipozidi, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wasiuze tunda mpaka wema wake udhihiri. Na katika mapokezi ya Ibn Umar katazo hilo limewashika muuzaji na mnunuzi wote wawili. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamelieleza kwa urefu, pamoja na mlango wa salamu, ambapo fedha hutangulia na mali hufuata, kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Lakini hata hapo haijuzu kuifunga salamu na mti maalumu, “korosho za mti huu,” kwa sababu mti huu waweza usizae. Kwa hukumu ya jambo lako mwenyewe muulize sheikh wako; mimi nasimulia historia.

Na katika historia hiyo liko jambo dogo linalonipendeza kuliko yote. Imesimuliwa kwamba Zayd mwenyewe alikuwa hauzi matunda ya shamba lake mpaka Thurayya ichomoze, na mpaka tende ya manjano itambulikane na nyekundu. Kilimia kile kile chetu! Nyota ilimwambia kwamba majira yamekaribia. Lakini hakutosheka na nyota. Aliingia shambani akatazama rangi.

Yule bwana wa Mpapura na shemeji yake walisuluhishwa msikitini baada ya sala ya Alasiri, na mzee mmoja ambaye hakuwa na cheo chochote. Nusu ya fedha ilirudishwa katika msimu uliofuata, kwa mafungu mawili, na fungu la pili lilichelewa. Wanasalimiana. Mwaka jana nilipopita kwake mwishoni mwa Juni nilimkuta baada ya Alfajiri yu chini ya mkorosho wake wa mpakani, ameokota majani mawili, moja kavu na moja changa, anayageuza geuza kwenye mwanga. Nikamwuliza kama ameanza kupuliza salfa, kwani jirani zake walikuwa wamekwisha kuanza. Akanionyesha ncha za matawi. Zilikuwa bado zimefumba.

“Hawa bado,” akasema, akayatupa majani, akaenda kuchukua jembe.